Shajara ya mradi: kuwatafuta waliokatwa taya

Wiki ya 1, Jumatatu

Kibali cha kamati ya maadili kilitoka Ijumaa jioni. Leo saa moja na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni pa masjala na barua mkononi. Swali la mradi linatamkika kwa pumzi moja: watu waliofanyiwa upasuaji wa ameloblastoma hospitalini kwetu kati ya 2012 na 2019 wako wapi leo, uvimbe umewarudia au haukurudi, na wanaishije na taya lililopungua? Kulijibu ndiko kutakakochukua miezi.

Kwa msomaji asiye mtu wa meno: ameloblastoma ni uvimbe unaotokana na mabaki ya seli zinazotengeneza meno. Kwa kawaida hausambai mwilini kama saratani, lakini unakula mfupa. Karibu mara 8 katika 10 unaota kwenye taya la chini, hasa nyuma kwenye magego, kuelekea pembe ya taya. Na hauumi, ndiyo maana unatuletea watu wakiwa wamechelewa. Shavu linajaa kidogo kidogo, mwaka wa kwanza, wa pili, jino linalegea, mtu anang'olewa jino kwenye kituo cha karibu, anaambiwa atapona, anarudi shambani. Anapofika kwetu uso umeshapinda upande mmoja na picha ya eksirei inaonyesha taya lenye vyumba vyumba kama sega la nyuki.

Matibabu ni ya njia mbili. Ya kwanza ni kufungua na kukwangua. Ya pili ni kukata kipande chote cha taya pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa unaoonekana mzima, kwa sababu uvimbe huu hujipenyeza ndani ya mfupa milimita 2 mpaka 8 kupita pale ambapo picha inaonyesha mpaka. Ukikwangua tu, ule wa aina ya kawaida hurudi kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa katika tafiti nyingi. Ukikata, unarudi kwa wachache sana, ila mgonjwa anabaki na pengo usoni. Halafu kuna jambo la muda: marudio mengi hutokea ndani ya miaka 5, lakini wapo ambao umewarudia baada ya miaka 10, hata 20. Kwa hiyo anayetaka kujua kama amemponya mtu inabidi amtafute muda mrefu baada ya nyuzi kutolewa.

Hapa nitaandika maendeleo ya kazi. Mambo madogo madogo ya wagonjwa nimeyabadilisha ili asitambulike yeyote.

Wiki ya 2, Jumatano

Vyanzo vyetu ni vitatu: rejesta ya thieta, faili la mgonjwa, na daftari la maabara ya patholojia, inayochunguza vipande vya uvimbe kwa hadubini. Havielewani. Jina lile lile limeandikwa kwa r kwenye rejesta na kwa l kwenye faili. Maabara wametanguliza jina la baba. Namba ya faili imebadilika mgonjwa alipolazwa mara ya pili, kwa kuwa kadi ya kwanza ilibaki nyumbani.

Nilihangaika siku mbili nzima mpaka mzee wa masjala aliponihurumia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba daktari. Hapa mtu hatafutwi kwa jina. Nipe siku aliyolazwa na wodi, mengine niachie."

Na kweli. Tangu jana tunakwenda kwa tarehe. Mzee anavuta bunda, anakata kamba ya katani, anapuliza vumbi, na mara tatu kati ya nne faili limo. Nimeomba jina la kazi yake litajwe kwenye shukrani za andiko letu. Bila yeye tungekuwa tumeshafunga mradi.

Uamuzi wa leo: asiye na jibu la patholojia haingii kwenye utafiti, hata kama picha yake inapiga kelele kwamba ni ameloblastoma. Keratosisti na miksoma, uvimbe wa aina nyingine wa taya, navyo huonekana kama sega. Pia majibu ya zamani yameandikwa kwa istilahi ya zamani. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mgawanyo mwaka 2017, na ule tuliokuwa tunauita "mgumu au wenye vifuko vingi" ukaanza kuitwa ameloblastoma tu, ukitenganishwa na wa kifuko kimoja. Tofauti hiyo ni kubwa, maana wa kifuko kimoja mara nyingine unaweza kutibiwa kwa upole zaidi. Bingwa wetu wa patholojia amekubali kuzisoma slaidi upya, bila kuonyeshwa kilichoandikwa mwanzo.

Wiki ya 4, Ijumaa usiku

Leo nimegundua kosa, na ni langu.

Wanafunzi wawili wa mwaka wa tano wananisaidia kuingiza mafaili kwenye REDCap, programu ya kutunzia data za utafiti. Fomu niliyoitengeneza ina kisanduku kinachouliza: Uvimbe umerudi? Majibu ni mawili, Ndiyo na Hapana. Jioni nikafungua jedwali nione tulipofika, nikaona jambo lililonifurahisha: wagonjwa kutoka mikoa ya mbali walikuwa na Hapana nyingi kuliko wa hapa Dar es Salaam. Nikaanza hata kutafuta maelezo. Labda wa mbali hukatwa taya zaidi kuliko kukwanguliwa, kwa sababu wapasuaji wanajua hawatarudi haraka.

Kisha nikachukua faili moja la mtu wa Hapana. Ukurasa wa mwisho wenye maandishi ni wa Machi 2014. Wino wa bluu, mwandiko wa haraka, kutu ya pini imetia alama ya kahawia pembeni: "Kidonda kimefunga vizuri. Anakula chakula laini. Arudi baada ya miezi 6." Chini yake mistari mitupu. Kurasa nne zilizofuata, tupu. Mtu huyo hakuonekana tena.

Mwanafunzi aliyejaza hana kosa. Faili halikutaja uvimbe kurudi, na fomu yangu haikumpa mahali pa kusema "sijui". Akachagua Hapana. Ndivyo kimya cha faili kilivyogeuka kuwa uponyaji kwenye jedwali langu, kwa makumi ya watu.

Nimewaita wote wawili nikawaeleza, na tumekubaliana kuanza upya faili la kwanza hadi la mwisho. Fomu mpya ina majibu matatu, na Hapana hairuhusiwi mpaka ujaze mambo mawili zaidi: tarehe ya mwisho mgonjwa alipoonekana, na picha iliyoangaliwa siku hiyo. Hakuna picha, hakuna Hapana.

Jambo hili linanisumbua kuliko usumbufu wa kurudia kazi. Tunatumia njia ya takwimu ya Kaplan na Meier, ya tangu 1958, ambayo inamhesabu aliyepotea kwa muda ule tu aliokuwa anaonekana, kisha inamtoa. Ni njia nzuri, ila ina sharti: waliopotea wawe hawana tofauti na waliobaki. Kwetu siwezi kuliapia sharti hilo. Anayepotea ni wa mbali, ni asiye na nauli, ni mama ambaye hana wa kumwachia watoto. Au ni mtu ambaye shavu limeanza kujaa tena, akakata tamaa nasi, akaenda kwa mganga. Au ni mzima kabisa na yuko baharini anavua. Sijui yupi ni yupi mpaka nimtafute. Ndiyo maana kuanzia leo fedha zilizobaki zinaelekezwa kwenye kutafuta watu, uchambuzi utasubiri.

Wiki ya 5, Jumanne

Dodoso. Kwa maisha ya kila siku tunatumia OIDP, dodoso la jinsi hali ya kinywa inavyogusa shughuli za kila siku, ambalo limeshatumika Tanzania na linauliza mambo manane: kula, kuongea, kusafisha meno, kulala, kucheka bila kuona haya, hali ya moyo, kazi, na kukaa na watu. Tuliongeza swali la mdomo wa chini, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa mdomo na kidevu unapita ndani ya mfupa wa taya. Taya likikatwa, mara nyingi mshipa unaondoka nalo.

Tukaandika: "Je, mdomo wako wa chini una ganzi?" Tulipolijaribu wodini, wanne wa kwanza wakasema hapana. Nilishangaa, maana wawili kati yao nilikuwepo thieta walipokatwa. Nikakaa na mmoja, mama mtu mzima, kikombe cha chai mkononi.

"Ganzi ni ya mguu ukikalia vibaya," akaniambia. "Inakuja, inaisha. Huu si ganzi. Huu mdomo si wangu."

Wakati anasema hivyo, tone la chai lilikuwa linashuka kidevuni kwake na hakulijua. Binti yake akalifuta kwa pindo la khanga bila hata kukatisha mazungumzo yake na jirani, kama mtu aliyezoea.

Swali sasa linasomeka: "Chai au chakula kikikudondoka kidevuni, unajua mwenyewe au mpaka uambiwe?" Wanne wale wale, watatu wakasema mpaka waambiwe.

Swali la kucheka nalo tumeligusa kidogo. Kuna wanaocheka sana, lakini wamefunika mdomo kwa mtandio. Tumeongeza hilo.

Wiki ya 6, Alhamisi

Simu. Namba nyingi kwenye mafaili ya kabla ya 2020 zimekufa, na sababu inaeleweka: usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Nyingine zipo hewani lakini zina wenyewe wapya. Leo mwanaume mmoja amenijibu kwa upole kwamba namba ameinunua mwaka juzi na mimi ni mtu wa sita kumuulizia huyo mama.

Shida ya pili ni nini cha kusema anapopokea mtu mwingine. Taarifa za afya ni siri, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka kwenye kundi nyeti, na hata bila sheria mtu ana haki ya kutotangazwa ugonjwa wake kwa shemeji. Kwa hiyo tulikuwa tunasema tu, "Tunamtafuta kwa jambo lake binafsi." Basi, watu wanakata simu. Wanadhani tunadai mkopo. Siku hizi sauti ngeni inayomtaja mtu kwa majina yake matatu ni ya kausha damu, na ndugu wanamficha ndugu yao.

Sista mmoja wa wodi yetu, anayekaribia kustaafu, ndiye aliyetufungulia njia. Alisema nimpe simu apige yeye. Hajitambulishi kwa cheo. Anasema, "Mwambie ni yule aliyekuwa anamletea uji wa moto," na dakika tano baadaye mwenyewe anapiga. Wagonjwa waliotoka na taya lililofungwa waya wanamkumbuka mtu aliyewapa uji kuliko sisi tuliowakata. Leo peke yake amepata wanne.

Mmoja ametangulia mbele ya haki. Kaka yake ndiye aliyepokea. Tulimpa pole, tukakata. Maswali ya mradi yatasubiri, na kama hatataka kuyajibu, hatayajibu.

Wiki ya 8, safari ya Kilwa

Barua zilipita kwa katibu tawala wa mkoa, zikashuka kwa mkurugenzi wa halmashauri, zikamfikia mtendaji wa kijiji. Hilo peke yake lilichukua majuma mawili. Basi la alfajiri kutoka Mbagala Rangi Tatu, Daraja la Mkapa, Nangurukuru, kisha bodaboda kwenye njia ya mchanga, mhudumu wa afya ngazi ya jamii akiwa mbele yetu kwa baiskeli. Tulimwacha yeye aingie kwanza uani, atuombee ruhusa.

Mama tuliyemfuata alikatwa taya upande wa kulia, kuanzia karibu na chonge hadi juu kwenye mhimili wa nyuma, akawekewa bamba la titani. Kulikuwa na mpango wa upasuaji wa pili wa kupandikiza mfupa kutoka nyonga. Haukufanyika. Miaka ilipita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmetoka huko kote kunifuata mimi?"

Alitukaribisha chakula kabla ya maswali, na nashukuru alifanya hivyo, kwa sababu nimejifunza zaidi mkekani kuliko kwenye dodoso. Anakula ugali wa muhogo kwa kuwa unateleza. Anachukua tonge dogo, analilowesha mchuzi, analisukuma kwa ulimi upande wa kushoto kwenye magego yaliyobaki, na kichwa anakiinamisha kidogo kushoto ili chakula kisikimbilie upande mtupu. Samaki amechambuliwa na mjukuu. Sisi tulimaliza, yeye bado alikuwa nusu. Kwenye OIDP, swali la kula, alijibu hana tatizo.

Nilipima mdomo unavyofunguka: milimita 27. Mtu mzima hufikia kama 40 au zaidi, kipimo cha vidole vyake vitatu vilivyosimama. Vyake viliingia viwili kwa shida.

Kisha nikavaa glavu, nikapitisha kidole ndani ya shavu, juu, pale bamba linapoishia kwenye mfupa. Palikuwa na kitu. Kidogo, ukubwa wa korosho iliyobanguliwa, kinabonyea upande mmoja. Nilirudia mara mbili. Nilipotoa mkono aliniangalia usoni.

"Upo," alisema.

"Kuna uvimbe, mama. Siwezi kusema ni nini mpaka tupige picha na kuchukua kipande kidogo."

"Mimi nilijua, mwanangu. Nikasema nisubiri ufuta."

Nikamuuliza kwa nini hakurudi miaka yote hiyo. Hakulaumu mtu. Alisema siku ya kutoka wodini aliambiwa, "Tumemaliza mama, nenda kapumzike," naye akatii. Alipoanza kuhisi kitu, nauli ya watu wawili kwenda Dar es Salaam, chakula na pa kulala vilitaka fedha za msimu mzima.

Kwenye jedwali langu la kwanza, lile la kosa, mama huyu alikuwa Hapana.

Wiki ya 9, kikao

Nilimweleza profesa msimamizi wangu mambo mawili. La kwanza, hatuwezi kumkuta mtu na uvimbe, tukaandika tarehe, tukaondoka. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Tumeomba kamati ya maadili marekebisho: yeyote atakayekutwa na dalili arudishiwe nauli yake na ya msindikizaji, na awekewe nafasi ya kliniki siku hiyo hiyo tunapompata. Marekebisho yamekubaliwa. Idadi ya vijiji tutakavyovifikia itapungua, na nimeridhika nayo.

La pili ni karatasi ya kutokea wodini. Maneno "arudi ikitokea shida" tumeyaondoa. Uvimbe huu hauumi. Mtu atajuaje kuna shida? Sasa karatasi ina tarehe ya picha kila mwaka kwa miaka 5 ya kwanza, na inaeleza waziwazi kwamba ufuatiliaji hauishii hapo. Tunachukua namba ya mgonjwa, ya ndugu wawili wasiokaa nyumba moja, na jina la kijiji na kitongoji. Na mgonjwa anaulizwa mwenyewe, tukipiga akapokea mwingine, tuseme sisi ni nani. Wengi wametoa majibu mazuri kuliko yetu.

Kuna mjadala wa vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa maabara ndani ya nta. Tangu 2014 inajulikana kwamba ameloblastoma nyingi za taya la chini zina badiliko la jeni la BRAF, lile la V600E, na zipo dawa za vidonge zinazolenga badiliko hilo ambazo zimeshapunguza uvimbe kwa baadhi ya wagonjwa. Profesa anatamani tupime. Mimi pia, ila wagonjwa hawa waliridhia kufuatiliwa, hawakuridhia vinasaba vyao kusomwa. Ni ridhaa nyingine na itaombwa peke yake. Pia sitaki kumtajia mama wa Kilwa dawa ambayo sina namna ya kumpatia.

Wiki ya 11, Jumatano

Mama amekuja. Mjukuu wake alimshika mkono kutoka stendi, na sista alimpokea getini. Walikumbatiana muda mrefu, mimi nikasimama pembeni na fomu zangu.

Picha ya panorama tulipiga saa nne. Bamba limekaa vizuri, skrubu ya mwisho ya juu imelegea, na nyuma yake, kwenye mfupa uliobaki chini ya kiungo cha taya, kuna vyumba vitatu vidogo vyeusi. Tulichukua kipande kwa ganzi ya sindano. Jibu litatoka wiki ijayo, lakini nimeshaona picha nyingi za namna hii. Kwa sasa uvimbe bado ni mdogo. Kiungo cha upande ule huenda kikalazimika kuondoka, ila upande wa kushoto ambao anakulia hautaguswa, na safari hii mfupa wa nyonga umo kwenye mpango tangu mwanzo.

Aliuliza swali moja tu: kama atarudi kabla ya mvua za kupandia. Nimeongea na wa ratiba ya thieta, wameniahidi nafasi ya mapema mara jibu likitoka.

Kwenye REDCap mstari wake umetoka "haijulikani" na kwenda "anashukiwa, jibu la patholojia linasubiriwa". Mistari ya haijulikani bado ni mingi. Kesho sista na mimi tunaanza na wa Nachingwea, namba ya mtendaji nimeipata leo mchana.